Fimbo ya Kumalizia kwa Mshahara wa Mwalimu

Katika uwanja wa gofu wa mashimo 18 wenye pa ya 72, yaani mapigo 72 yanayotarajiwa kwa mashimo yote, hesabu imepangwa hivi: kila ukifika kwenye grini, ile sehemu ya nyasi fupi yenye shimo, umetengewa mapigo mawili ya kuutia mpira shimoni. Mawili mara 18 ni 36. Nusu nzima ya mchezo, basi, imekabidhiwa fimbo moja, ile ya kumalizia, ambayo makedi, wale wanaobeba mabegi ya wachezaji, huiita pata. Fimbo nyingine 13 ambazo sheria inakuruhusu kubeba hugawana nusu iliyobaki. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Nairobi, nina karo za watoto wangu mwenyewe za kulipa, na nilipoamua kujifunza mchezo huu nilijua kwamba pesa yangu haingetosha kununua kila kitu kizuri. Hesabu hiyo ya 36 ndiyo iliyonionyesha pa kuanzia.

Nilianzia Golf Park, ndani ya uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, kwa sababu pale huhitaji uanachama. Unalipia siku unayocheza, basi. Fimbo nilikuwa naazima. Mara napewa pata yenye kichwa chembamba kama kisu, mara yenye kichwa kikubwa cha duara, mara fupi, mara ndefu hata inanigusa mbavuni. Wenzangu waliona ni usumbufu kubadilisha fimbo kila unapokuja. Mimi niliona ni nafasi ya kujaribu vitu vya watu bila kulipa, nikawa naandika daftarini: hii ilikwenda sawa, hii ilivuta kushoto, hii nilishindwa kupima mbali na karibu. Ukurasa ulipojaa, tayari nilikuwa na jambo la kumwambia muuzaji. Nawasihi wote wanaoanza wafanye hivyo kabla ya kufungua pochi. Azima ya rafiki, azima ya kedi, piga nayo mipira kadhaa kwenye grini ya mazoezi, urudishe na shukrani.

Bei za madukani nilizijua. Pata mpya ya Scotty Cameron, mojawapo ya majina makubwa ya fimbo hizi, huuzwa zaidi ya dola 400 kule Marekani. Kwa shilingi zetu hizo ni zaidi ya 50,000, kabla ya kuisafirisha na kuilipia ushuru. Mimi nilikuwa nimetenga shilingi 6,000 kwa kila kitu, kununua na kurekebisha. Nilizitaja mbele ya mzee mmoja aliyebeba mabegi ya wachezaji tangu ujana wake, nikitarajia atikise kichwa. Hakutikisa.

"Mwalimu, pesa hiyo inatosha," alisema. "Lakini kwanza tujue urefu wako. Simama vile unasimama ukingoja matatu. Sasa inama kidogo kutoka kiunoni, mikono iache ining'inie yenyewe."

Akachukua futi ya fundi cherehani kutoka mfukoni, akapima kutoka viganjani mwangu hadi kwenye nyasi, akaongeza sehemu ya mpini inayopita juu ya mikono.

"Inchi 32 na nusu. Hizi za 35 utakuwa unashika katikati."

"Na nikishika katikati, Mzee, kuna ubaya gani?"

"Kile kipande cha juu kitakugonga tumbo kila ukirudisha mkono. Halafu kichwa hakitalala vizuri chini, ncha yake, ule upande ulio mbali nawe, itaangalia juu, na mpira utavutwa kushoto. Utasema mkono wako ni mbaya, kumbe ni fimbo."

Hilo ndilo jambo ambalo ningependa kila mwenye bajeti ndogo alishike kabla ya mengine yote. Pata nyingi za dukani zina urefu wa inchi 33 hadi 35, na zile za wanaume, ambazo ndizo zinazojaa sokoni, mara nyingi ni 34 au 35. Mwanamke wa kimo changu, au kijana, au mwanamume mfupi, anauziwa kila siku fimbo iliyomzidi, na hakuna anayemwambia. Ukisimama na fimbo iliyokuzidi, unalazimika kujinyoosha, na macho yako yanabaki nyuma ya mstari wa mpira. Kuna njia rahisi ya kujipima: simama kama unataka kupiga, shikilia mpira mwingine kati ya macho yako, uuachie. Ukiangukia juu ya mpira ulio chini au karibu sana nao upande wako, umesimama vizuri. Ukiangukia karibu na vidole vya miguu, fimbo ni ndefu mno, au umesimama mbali. Fimbo ya shilingi 50,000 iliyokuzidi inchi mbili itakutesa kuliko ya 3,000 inayolingana na mikono yako.

Baada ya urefu, mzee alinifundisha kuitazama fimbo inavyojilaza. Unaweka shafti, ule ufito wa fimbo, juu ya kidole kimoja karibu na kichwa, unatafuta mahali inapotulia bila kuanguka, kisha unaangalia uso wa kichwa umegeukia wapi. Uso ukitazama mbinguni, hiyo ni fimbo inayowafaa watu ambao mkono wao hurudi nyuma na kwenda mbele kwa mstari ulionyooka. Ncha ikining'inia kuelekea chini, inawafaa ambao mkono wao huchora upinde kidogo, kama mlango unaofunguka na kufungwa. Zipo za katikati pia. Jaribio hili halina gharama, linafanyika kwenye kibanda chochote cha mitumba, na wauzaji wengi hawalijui, kwa hiyo bei haipandi kwa sababu yake. Daftari langu lilionyesha kwamba zilizonifaa karibu zote zilikuwa na ncha inayoning'inia kidogo. Sikuhitaji mashine ya kunipima.

Sasa nije kwenye suala la jina, maana hapa ndipo watu wanapomaliza akiba zao.

Umbo la pata linaloonekana kuliko mengine yote, lile la kichwa cha mstatili chenye bonde nyuma na uzito uliosukumwa pembeni, lilichorwa na Karsten Solheim, mhandisi mzaliwa wa Norwe aliyekuwa akifanya kazi General Electric kule Marekani. Pata yake ya kwanza, ya mwaka 1959, ilitoa mlio ilipogonga mpira, akaipa jina la mlio huo: Ping. Mwaka 1966 wazo jipya lilimjia, akalichora haraka juu ya jalada la santuri ya zamani. Mkewe Louise ndiye aliyependekeza iitwe Anser, na herufi moja ya neno la Kiingereza ikatupwa ili jina litoshee kwenye chuma. Siri yake ilikuwa kupeleka uzito kwenye kisigino, ule upande wa kichwa ulio karibu nawe, na kwenye ncha, ili mpira ukigongwa nje kidogo ya katikati kichwa kisigeuke sana. Hataza ilitolewa 1967 na muda wake umekwisha zamani. Tangu hapo kila kampuni, kubwa na ndogo, imetengeneza la kwake. Hata ile Newport 2 ya Scotty Cameron ambayo Tiger Woods ameshinda nayo mataji 14 kati ya 15 yake makubwa ni mtoto wa umbo hilohilo.

Mtu mwenye shilingi 6,000 anafaidika sana na historia hiyo. Umbo ni mali ya wote. Ukichukua pata ya kampuni isiyojulikana iliyofuata vipimo hivyo kwa uaminifu, uzito umekaa palepale, na mpira haujui ni nani aliyechonga chuma. Unacholipia zaidi kwenye ile ya bei ni usagaji wa chuma kwa uangalifu mkubwa, rangi, mwonekano, na jina. Nakiri ni vitu vizuri, na siwalaumu wanaoweza. Kwa mwenye bajeti yangu, vitangoja.

Kenya Open, mashindano ya wachezaji wa kulipwa, ilipochezwa katika klabu ya Muthaiga mwaka 2023, ile aliyoshinda Jorge Campillo wa Uhispania, nilikwenda nikakaa karibu na grini ya mazoezi asubuhi nzima badala ya kuwafuata wachezaji uwanjani. Nilitaka kuona fimbo zao tu. Vichwa vyembamba, vichwa vikubwa vyenye mabawa, mipini minene, mipini myembamba, watu wanaoshika kwa mkono wa kushoto chini. Hao ni watu wanaopewa fimbo yoyote wanayotaka, na bado hawakuwa na jibu moja. Niliondoka na amani moyoni. Kama kungekuwa na pata moja bora kwa wote, pale wangekuwa wote nayo.

Kutafuta kwenyewe kulinipeleka kwenye soko la mitumba la Toi, kulinipeleka la Gikomba, na mwisho kulinirudisha kwa makedi. Kwenye mitumba utakutana na fimbo mojamoja zilizotengana na seti zake, nyingine nzuri sana, ila ni bahati ya siku. Makedi ndio wanaojua mwanachama gani amenunua mpya na ya zamani imelala kwenye buti la gari. Waheshimu, waeleze unatafuta urefu gani na kichwa cha aina gani, na uwaachie kitu kidogo wakikuletea habari. Yangu ilikuja kwa njia hiyo: umbo la Anser, kampuni ambayo jina lake lilikuwa limefutika nusu, inchi 35. Mwenyewe aliitisha 4,000, tukakubaliana 2,800.

Kabla ya kulipa niliikagua, na ukaguzi wa pata ni mfupi. Tazama shafti kwa jicho moja kutoka juu hadi chini kama seremala anavyotazama ubao, ikipinda, iache. Shika kichwa kwa mkono mmoja na mpini kwa mwingine, zungusha kwa nguvu kiasi. Kikicheza hata kidogo, gundi imechoka. Itikise karibu na sikio usikie kama kuna kitu kimelegea ndani. Mikwaruzo ya chini na ya nyuma haina neno, ni alama za begi. Unachoogopa ni shimo au kovu katikati ya uso, pale mpira unapogongwa, na kama uso una kipande laini kilichobandikwa, kipapase kingo zake uone kama kimeanza kubanduka. Mpini uliopasuka usikutishe hata kidogo, utaubadilisha. Tena ni sababu nzuri ya kuomba punguzo.

Kuna mbili nilizoziacha pale pale ingawa zilinivutia. Moja ilikuwa Bulls Eye ya Acushnet, ya shaba ya manjano, nzuri kuitazama, kichwa chembamba sana. Fimbo hizo zimeshinda mashindano mengi mikononi mwa mabingwa wa zamani, lakini uzito wake haukusukumwa pembeni, na mimi ninayegonga nje ya katikati mara kwa mara ningeadhibiwa kila siku. Nyingine ilikuwa na jina kubwa, mpya kabisa, imefungwa nailoni, kwa bei ya chini isiyoelezeka. Rangi ndani ya maandishi ilikuwa imevuka mipaka. Vitu bandia vipo vingi, na tatizo lake halisi kwa mchezaji ni kwamba hujui uzito wala pembe zake zimetoka wapi. Afadhali fimbo isiyo na jina kuliko yenye jina la wizi.

Jaribio lililonifanya nitoe pesa lilifanywa na chaki. Mimi natembea na chaki, ndiyo kazi yangu. Nilipaka uso wa fimbo unga kidogo, nikapiga mipira kutoka umbali wa hatua tatu hivi, na kila baada ya mpira mmoja nikatazama alama imeachwa wapi. Zilizotawanyika toka kisigino hadi ncha zinakuambia fimbo hii hujaelewana nayo, au ni ndefu. Kwenye hii, nikiwa nimeshika chini kabisa ya mpini, alama zilikusanyika mahali pamoja, kidogo upande wa kisigino. Nikajua ikikatwa zitasogea. Futa chaki kabla ya kucheza raundi, maana sheria haziruhusu kupaka kitu usoni mwa fimbo ili kubadilisha mwendo wa mpira. Na jaribu na mpira uleule unaocheza nao. Mimi hununua mipira iliyookotwa kwenye vichaka na mabwawa, migumu, na mlio wake kwenye chuma ni tofauti kabisa na ule mpira laini mpya ambao muuzaji anakupa ujaribu.

Kazi ya kukata niliipeleka kwa fundi wa jua kali Kamukunji. Shafti ya chuma inakatwa upande wa juu, wa mpini, kamwe si upande wa kichwa. Anapasua mpini wa zamani kwa kisu, anapima mara mbili, anakata kwa kikata bomba ili ukingo uwe safi, anazungushia utepe wenye gundi pande mbili, anamimina petroli kidogo ndani ya mpini mpya na kuusukuma. Hapo simama naye. Mpini wa pata una upande bapa mbele, na ndiyo fimbo pekee ambayo sheria inaruhusu iwe hivyo. Upande huo lazima uende sawa kabisa na uso wa kichwa, kwa sababu vidole gumba vyako vitakaa juu yake na mikono itauamini. Ukikaa upande kidogo, utapiga upande maisha yako yote bila kujua kwa nini. Tulisawazisha kwa kuegemeza uso wa fimbo kwenye ukingo wa meza, petroli ikiwa bado mbichi.

Jambo ambalo watu husahau ni kwamba fimbo ikikatwa, kichwa huhisika chepesi mkononi, ingawa chuma chake hakijapungua. Kichwa cha kawaida siku hizi kina gramu 340 hadi 360, na kimepangwa kwa urefu wa kiwandani. Nilipoondoa inchi mbili na nusu, yangu ilianza kuyumba, mkono ukawa unaharakisha. Dawa yake ni utepe wa madini ya risasi, unaobandikwa chini ya kichwa kidogokidogo, nusu kisigino na nusu ncha, hadi mkono utulie tena. Unauzwa kwenye maduka ya gofu kwa bei ndogo na sheria inauruhusu, mradi usiuongeze wala kuupunguza katikati ya raundi. Ukimaliza kuushika, nawa mikono vizuri kabla ya kula, na usiuache mahali watoto wanapocheza. Mpini, ukataji na utepe vilinigharimu karibu 2,000 zote pamoja, na bajeti ikabaki na chenji.

Mzee alinipa njia nyingine ya kupata kichwa kizito, na nimeiona ikifanya kazi kwa wengine. Zamani watu walitumia pata ndefu zilizoegemezwa tumboni. Tangu Januari 1, 2016 kuegemeza fimbo mwilini kumekatazwa, na fimbo hizo zikatupwa makabatini. Vichwa vyake vilitengenezwa vizito makusudi. Ukiipata moja kwa bei ya chini ukaikata kufikia urefu wako, uzito unaobaki unalingana bila utepe mwingi.

Nyasi nazo zina neno. Grini za viwanja vyetu vya bei nafuu hazikatwi fupi kama zile za Muthaiga wakati wa Open ile, na mvua za masika zikinyesha huwa nzito, mpira unakaa kwenye kitundu kidogo. Hapo ule mwinamo wa uso, digrii 3 au 4 kwa pata nyingi, hufanya kazi ya kuunyanyua mpira kidogo ili uanze kuviringika. Ukikuta fimbo ambayo mtu aliipinda ikawa na uso wima kabisa, itakusumbua kwenye nyasi kama hizi. Na mimi, kwa maoni yangu, kwenye grini za polepole napenda kichwa kizito kidogo, hata kama wapo makocha wanaopinga.

Wachezaji wa PGA Tour, ligi kuu ya gofu ya Marekani, wenye kila kitu, hutia takriban nusu tu ya mipira yao kutoka futi 8. Nimeyaandika hayo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari langu la gofu, na kila hamu ya kubadilisha fimbo ikinijia baada ya siku mbaya, naufungua. Chenji iliyobaki ilikwenda kwenye saa za mazoezi.

Mwalimu mwenzangu ameanza kucheza mwaka huu, na yeye hutumia mkono wa kushoto. Kwake kazi ni ngumu zaidi, kwa sababu fimbo za kushoto ni chache mno sokoni, na zikija zinakuja kwa seti nzima. Kwa sasa anacheza na ile Bulls Eye ya shaba, ambayo nilirudi kuitafuta kwa ajili yake. Aina ile ina nyuso mbili, unaweza kuipiga kulia au kushoto. Haimsamehi akigonga pembeni, lakini urefu ni wake, na tumeshawaambia makedi wa viwanja vitatu tunatafuta nini.